Nilimwita Mmoja, Wakaamka Wote

Najua wengi wenu mmeshasikia yaliyonikuta kiwandani asubuhi ya makabidhiano. Fundi mwenzangu, mtu niliyekuwa namwachia hadi begi langu la vifaa, amerusha sauti kwenye grupu kabla hata paneli haijapoa. Kwa mujibu wa sauti yake, mimi nililia, transfoma ililipuka, na Mzee wa mitambo akaingia chini ya meza. Transfoma ni nzima. Mzee hakuingia chini ya meza, alishika nguzo. Hilo la kulia tutafika.

Sasa tulieni niwape ya kwangu. Kuchekwa nitachekwa tu, basi angalau nichekwe kwa kilichotokea.

Mota zilikuwa sita: pampu mbili, feni mbili kubwa za kunyonya vumbi, konveya na mashine ya kuponda. Kila moja na sofstata yake. Nyie mliokuja ukurasa huu kwa ajili ya mpira, mota kubwa ukiiwasha moja kwa moja huvuta umeme mara sita hadi nane ya kiwango chake, na hurukia mzigo hadi mikanda inapiga kelele. Sofstata inakaa katikati ya umeme na mota na thairista zake, yaani swichi za kielektroniki, inaanza na volti kidogo, inaziongeza polepole, na umeme unaovutwa unabaki kwenye mara tatu, nne hivi. Mota ikishashika mwendo, kontakta ya baipasi, swichi kubwa inayoipitishia mota umeme wote moja kwa moja, inaingia na thairista zinapumzika. Pampu zangu nilikuwa nimezipa sekunde 10 za kupanda. Feni, kwa uzito wake, nilizipa 25. Zishikeni hizo sekunde, zina kazi mbele.

Niliitwa kuziunganisha zote na PLC, kompyuta ya kuendeshea mitambo, kwa Modbus, lugha ambayo vifaa vya kiwandani huongea kwa waya, ili opereta aache kuzunguka kiwanda kizima akibonyeza vitufe. Modbus ni ya mwaka 1979 na bado inadunda. Unavuta nyaya mbili, unapita kifaa hadi kifaa bila kuchepusha matawi, unaweka kipingamizi cha omu 120 kila ncha, na kila kifaa unakipa anwani yake kuanzia 1 hadi 247. Haina makuu. Sofstata zikapewa 1 hadi 6, nikabandika na karatasi nzuri milangoni, mwandiko wangu wa sherehe.

Balaa lilianzia kwenye rejista, yaani vile visanduku vyenye namba ambamo kifaa huweka taarifa zake. Kitabu cha mtengenezaji kinaandika rejista ya kwanza kuwa 40001 (ile 4 ya mbele ni alama ya aina ya rejista tu). Lakini kwenye waya rejista hiyohiyo inaitwa sifuri, kwa sababu huko kuhesabu kunaanzia sifuri. Nilihangaika. Nikiomba ampea naletewa joto. Nikiomba joto naletewa kitu ambacho hadi leo sikijui, ila kilikuwa kinapungua. Baadaye nikang'amua: toa moja. Kila namba ya kitabuni, toa moja. Data zikaanza kumiminika zikiwa sahihi, nami nikajiona mtu ambaye ingefaa aalikwe sehemu kutoa mada.

Ndugu zangu, mtu akishagundua kitu usiku na usingizi umemwelemea, hakuna wa kumzuia. Asubuhi ya makabidhiano nilifungua programu yangu ya majaribio kwenye laptopu ili niipange vizuri kabla wakubwa hawajafika. Kisanduku cha rejista nikatoa moja. Jirani yake kuna kisanduku cha anwani ya kifaa, kimeandikwa 1, anwani ya pampu ya kwanza. Mkono ukiwa bado na moto uleule, nikatoa moja na hapo.

Mnaoifahamu Modbus mmeshafunika uso. Nawaona. Wengine nawaambia: hakuna kifaa chenye anwani sifuri. Sifuri ni tangazo. Ukituma amri kwa sifuri, kila kilichopo kwenye waya kinaitekeleza, na kwa mujibu wa kanuni hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kujibu. Ni mwalimu aliyetaka kumsimamisha mtoto mmoja, darasa zima likanyanyuka na hakuna aliyesema "naam".

Haya. Wakubwa wakafika. Mzee wa mitambo mbele, kofia ngumu kichwani, mkononi ana karatasi ya makabidhiano na kalamu iliyokwisha kufunguliwa. Nyuma yake dada wa usalama, aliyekuwa ameshazungushia utepe eneo lote na kuhakikisha hakuna mtu karibu na mitambo, isipokuwa mmoja. Yule fundi mwenzangu alikuwa pembeni ya konveya akifunga kinga ya mnyororo, na swichi ya konveya alishaizima na kuipiga kufuli, ufunguo mfukoni. Kwa hilo namheshimu. Kwa mengine tutaonana.

Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Mzee, sasa nawasha pampu namba moja peke yake, kutoka hapa mezani."

Nikabonyeza.

Skrini ikafikiri kidogo, ikaandika: hakuna jibu.

Nikacheka kile kicheko cha fundi. Nikabonyeza tena. Hakuna jibu.

"Vipi?" Mzee akauliza.

"Waya tu Mzee. A na B zimepishana."

Na hapo sikuwa natunga. A na B ni majina ya zile nyaya mbili, watengenezaji hawajakubaliana hadi leo ipi ni ipi, na kila fundi wa RS-485, aina hiyo ya waya, amewahi kuzigeuza akaona mambo yanakaa sawa. Nikachukua bisibisi, nikaenda paneli ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayejua anachoendea. Nikafungua skrubu ya kwanza.

Nikasikia mvumo.

Mdogo, wa chini, kama haupo. Nikajiambia ni feni ya kupoza paneli. Mota ikilishwa volti kidogo huguna kwanza kabla haijazunguka, jambo ambalo nimewahi kulifundisha vijana kwa mdomo wangu huu. Nikafungua skrubu ya pili. Mvumo ukapanda ngazi moja. Nikachomoa A. Nikachomoa B. Nikawa nazishika hewani, moja kila mkono, ndipo nikagundua kwamba sauti haitoki kwenye paneli niliyoiegemea tu. Inatoka kushoto pia. Na kulia. Na nyuma ya ukuta.

Sijui kama mmewahi kusikia mota zikianza pamoja kwa ustaarabu. Ingekuwa ni kuwasha moja kwa moja bila sofstata, zingeshtuka mara moja na mambo yakaisha. Zangu hazikuwa na haraka. Zilikuwa zinapanda sekunde kwa sekunde, kama nilivyozipangia kwa mikono yangu. Taa za ukumbini zikaanza kufifia. Pampu zikashika mwendo, kontakta za baipasi zikaingia, tak, tak, na kila tak ilinipata hapa kwenye kitovu. Mashine ya kuponda, tupu, ikaanza kutafuna hewa.

Na feni ndiyo kwanza zilikuwa nusu ya safari.

Mzee alikuwa amesimama karibu na mdomo wa bomba la vumbi. Kwanza ikatikisika tai. Halafu karatasi ya makabidhiano ikainuka kutoka kwenye ubao wake, ikasimama wima mbele ya uso wake, ikawaza, ikaondoka. Ilikwenda moja kwa moja ikabandikwa kwenye wavu wa bomba, maandishi yakiangalia nje, sehemu ya sahihi ikiwa wazi kabisa. Mzee ndipo aliposhika nguzo.

Nikakimbilia laptopu kuzima. Nikabonyeza "simamisha". Hakuna jibu. Bila shaka hakuna jibu: nyaya za mawasiliano nilizichomoa mwenyewe dakika ileile na zilikuwa zinaning'inia pale zikinitazama. Mtaniuliza, "Sofstata haina ulinzi wa mawasiliano yakikatika?" Inao. Unaichagulia: mawasiliano yakipotea isimame, au iendelee na kazi. Siku za majaribio ilikuwa inanisimamishia mota kila nikigusa waya, ikanichosha, nikaiweka "endelea". Nilipanga kuirudisha. Nyote mnajua mafundi na mambo waliyopanga kuyarudisha.

Nikaruka hadi sofstata ya pampu, nikabonyeza kitufe chekundu cha mlangoni kwake. Ikapokea. Ikaanza kuzima taratibu. Ni kweli, pampu unaitakia kuzima taratibu, maji yasigonge mabomba. Kwa hiyo ikawa inashuka kwa upole, sekunde 15 nilizoipa, mimi nimesimama mbele yake nikiisihi. "Zima. Zima mama, zima." Ndicho wengine walichokisikia wakasema nalia. Ule ulikuwa ushawishi.

Dada wa usalama ndiye pekee aliyekuwa na akili. Alishaanza mbio kuelekea kitufe cha dharura, ile uyoga nyekundu ukutani. Bado hatua moja, mkono umeshanyooshwa, breka kuu ya umeme ikachoka na sisi. PAA.

Giza. Mota zikaanza kushuka zenyewe, kila moja na sauti yake, feni za mwisho. Karatasi ikajiachia kwenye wavu ikaja chini polepole. Dada akapiga kitufe cha dharura hivyohivyo, umeme umeshakatika, akakipiga na mara ya pili, kwa hasira tu. Na ndani ya ukumbi ule mzima kulikuwa na mwanga mmoja: laptopu yangu, ina betri nzuri sana, inanimulika usoni, imeandika kwa herufi kubwa HAKUNA JIBU.

Kutoka gizani upande wa konveya nikasikia mtu anacheka. Mota yake ndiyo pekee ambayo haikuzunguka, kwa sababu ya lile kufuli. Sofstata yake ilipokea amri, ikakuta umeme wa kuilisha mota haupo, ikawasha taa nyekundu ya hitilafu na kutulia. Yaani mtu ambaye tukio halikumgusa hata kwa upepo ndiye msemaji mkuu wa tukio.

Yaliyofuata ni mafupi. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichoungua. Tano zikipanda kwa pamoja, hata kwa ustaarabu wao, zinavuta kuliko breka ile ilivyopangiwa, ndiyo maana siku zote huwashwa moja baada ya nyingine. Tulikagua kila kitu, tukarudisha umeme, nikafunga A na B zilipokuwa mwanzo (zilikuwa sahihi muda wote, asanteni kwa kuuliza). Anwani ikarudi 1. Mpangilio wa mawasiliano yakikatika sasa ni "simama", kwa zote, na kwenye PLC nimeweka sharti kwamba amri yoyote ya kuwasha iende kwa kifaa kimoja kilichotajwa, na kingine kisiwashwe hadi baipasi ya aliyetangulia iingie. Jioni tulirudia, moja moja, kila kitu kikaenda sawasawa, na Mzee akasaini karatasi ileile. Ina alama za wavu. Alisaini akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Swali lake lilikuwa moja tu, na aliliuliza akiwa ameshafika mlangoni: "Fundi, ile mara ya pili ulibonyeza ya nini?"

Mwenye jibu aniandikie.

Mstari wa pili wa kiwanda nao watauunganisha, ila huo utatumia Profinet, lugha nyingine ya vifaa vya kiwandani, na mimi ndiye nimepewa tena, msiniulize vipi. Kwenye Profinet kila kifaa kinapewa jina, herufi ndogo, bila nafasi katikati. Kazi ya kuandaa orodha ya majina kapewa fundi mwenzangu, yuleyule wa sauti. Rasimu ameituma jana. Kifaa cha kwanza amekiita "bwana-sifuri". Nimeenda kulalamika, nikakuta Mzee ameshaidhinisha na mchoro umechapwa.