Miguu Ndani ya Sufuria, na Furaha ya Kumwona Ndege kwa Mara ya Kwanza

Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmaki waliokuwa wamepiga kambi katika milima ya Udzungwa walikula mchuzi wa ndege uliopikwa na wenyeji waliokuwa wakisaidiana nao kazi. Chakula kilipokwisha, miguu iliyobaki ndani ya sufuria iliwashangaza, kwa sababu haikuwa ya kuku, wala ya kanga, wala ya kwale yeyote waliyemjua kuwa anaishi katika misitu ile. Hatimaye mwenye miguu hiyo akaonekana akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa aina mpya kwa sayansi. Haikuishia hapo, maana alikuwa tofauti kiasi cha kupewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la aina zinazokaribiana, Xenoperdix, jina lenye maana ya kwale mgeni. Jamaa wa karibu wa jenasi hiyo hawako Afrika hata kidogo. Ni kwale wa milimani wa bara la Asia.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami nimekicheka mara nyingi. Hata hivyo, naona kimebeba jibu la swali ambalo marafiki zangu huniuliza kila ninapoaga kwenda porini na darubini shingoni: kuna raha gani ya kumwona ndege ambaye hujawahi kumwona? Waliompika yule kwale walikuwa wakimjua. Kwao alikuwa kitoweo kama kitoweo kingine, na pengine walikuwa wamekwisha kuwala wengi kabla ya siku ile. Mshangao ulimpata mtu ambaye alikuwa ameangalia miguu ya kwale wengi kiasi cha kutambua kwamba ile haimo katika hesabu yake. Kwa maoni yangu, furaha ya ndege mpya haitokani na uadimu wake, wala na uzuri wake, bali hutokana na jinsi unavyowajua wale wa kila siku, na asiyewajua hao anaweza kupita chini ya mti wenye ndege wa ajabu na asihisi chochote.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kufurahi bure. Nilianza kuangalia ndege nikiwa mtu mzima, wakati nilipokuwa nikiuguza goti nyumbani Tanga na sina pa kwenda ila barazani. Mbele yangu kulikuwa na mgomba uliotoa ua, na kwenye ua hilo walikuja chozi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, kufyonza maji matamu. Wa kwanza alikuwa mweusi mwenye kifua chekundu kinachong'aa kama hariri, wa pili alikuwa wa rangi ya udongo mwenye madoadoa tumboni, na wa tatu alifanana na yule wa pili isipokuwa alikuwa na kiraka chekundu kooni, kama aliyemwagikiwa na juisi ya rosela. Nikaandika daftarini kwamba katika asubuhi moja nimeona ndege wapya watatu, nikajiona mtaalamu. Wiki mbili baadaye mwalimu mwenzangu aliniazima kitabu cha ndege chenye picha, nacho kikaniambia bila huruma kwamba nilikuwa nimeona dume, jike na kijana wa kiume wa aina ile ile moja.

Nilifuta mistari miwili. Lakini kuanzia siku hiyo nilimtazama chozi yule mwenye kifua chekundu kwa makini ambayo sikuwahi kumpa ndege yeyote: namna anavyoning'inia kwenye ua, sauti yake kali anapomfukuza mwenzake, urefu wa mdomo wake uliopinda. Basi asubuhi moja akaja mwingine kwenye mpapai wa jirani, mdogo zaidi, mgongo wa kijani unaometameta, tumbo la manjano, na mdomo mfupi, mfupi mno kwa chozi niliyemzoea. Sikuhitaji kitabu kujua kwamba huyu si yule. Moyo ulinienda mbio nikaogopa hata kuinua kikombe cha chai mezani nisije nikamtisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni ndege wa kawaida kabisa katika pwani nzima, na kwamba bila shaka alikuwa akipita juu ya kichwa changu tangu utotoni. Jambo hilo halikunipunguzia chochote, na hadi leo, baada ya kuwaona ndege ambao watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuwatafuta, yeye ndiye ninayemkumbuka kwanza.

Wapo wanaodharau desturi ya kuweka orodha ya ndege waliowaona, wakisema kwamba ni kukusanya tu kama mtoto anavyokusanya vifuniko vya soda. Siungani nao moja kwa moja. Orodha ikiwekwa vizuri ni kumbukumbu ya macho yaliyojifunza. Mfano mkubwa ni Phoebe Snetsinger wa Marekani, ambaye mwaka 1981 aliambiwa na madaktari kwamba ana saratani ya ngozi na hana muda mrefu wa kuishi, naye akaamua kuutumia muda huo kutafuta ndege. Aliishi miaka mingine 18 na kuwa mtu wa kwanza kuona aina zaidi ya 8,000, katika dunia yenye aina zipatazo 10,000 na ushei, hadi alipofariki katika ajali ya gari nchini Madagaska mwaka 1999, akiwa katika safari ya ndege. Kinachonivutia kwake ni kwamba aliandika kwa undani hata tofauti ndogo za ndege wa aina moja wanaoishi sehemu mbalimbali. Wataalamu walipoamua kwamba aina fulani kwa kweli ni aina mbili, yeye alifungua daftari lake na kukuta kwamba ile ya pili alikwisha kuiona. Huo nao ni mshangao wa aina yake, kumpata ndege mpya ukiwa umekaa nyumbani kwako.

Kinachonikera ni jambo jingine. Niliwahi kuongozana na kikundi ambacho mwongozaji wake alikuwa na simu iliyojaa sauti za ndege, na kila tulipofika kwenye kichaka alicheza sauti ya dume mpaka dume mwenye eneo lile ajitokeze kwa hasira kumtafuta adui asiyekuwepo. Ndege alitoka, kamera zikalia, jina likatajwa, tukaondoka. Kwa muda wa saa tatu niliona aina saba ambazo sikuwahi kuziona, na ukiniuliza leo nitakumbuka mbili. Ukiacha usumbufu anaopata ndege, ambaye angekuwa akilisha makinda wakati ule, mtazamaji mwenyewe hupokonywa kile alichokijia, yaani ile nusu dakika ya kutojua, ambapo kitu kimetikisa jani na wewe unawapitia kichwani wote unaowafahamu, mmoja mmoja, na kila mmoja anakataa.

Nusu dakika hiyo niliipata Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, ambako nilikwenda likizo ya Juni. Amani ina ndege wa kumfanya mtu aache mdomo wazi. Wa kwanza ni shorobo, ambaye akiwa ametulia mtini ni wa kijani tu na hupotea katika majani, lakini akiruka hufunua mabawa mekundu ambayo wekundu wake umetengenezwa kwa rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Nilimfurahia, nani asingemfurahia? Lakini nilikuwa nimemwona kwenye picha mara nyingi mno, na nilipomwona nilihisi kama nimekutana na mtu mashuhuri niliyemzoea kwenye televisheni.

Niliyemfuata mimi alikuwa ndege mdogo wa kijivujivu, mwenye kichwa cha hudhurungi na mdomo mrefu usiolingana na umbo lake, ambaye Waingereza humwita fundi cherehani. Alielezwa kisayansi mwaka 1931 na kupewa jina la Reginald Moreau, mtu aliyekuja Amani mwaka 1928 kutoka katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi na ambaye elimu ya ndege aliipata kwa kuwatazama. Ukiacha Usambara Mashariki, ndege huyu anajulikana kutoka sehemu moja nyingine tu, mbali huko kaskazini mwa Msumbiji, na yuko katika hatari ya kutoweka. Hana rangi ya kumpigia mtu kelele. Hukaa ndani ya mitambaazi iliyosongamana pembezoni mwa msitu, akichomoza kwa sekunde chache na kuzama tena.

Siku mbili nilitoka patupu. Siku ya tatu, tukiwa kwenye njia inayopita katikati ya mashamba ya iliki, mzee aliyekuwa akinitembeza alinishika kiwiko bila kusema neno. Kulikuwa na sauti nyembamba, ya kurudiarudia, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mtambaazi ukatikisika. Nikawapitia wote: si shore, huyu ni mdogo mno; si chozi jike, mdomo umenyooka; si yule kijivu niliyemwona jana akipekua magome. Kisha kichwa cha hudhurungi kikachomoza, mdomo ukifuata kana kwamba umeazimwa kwa ndege mwingine, akanitazama kwa jicho moja, akarudi ndani. Kwa kukadiria ni sekunde nne. Nilikaa chini palepale kwenye tope, kwa sababu magoti yalikuwa yakitetemeka, na si lile bovu peke yake.

Mzee alinitazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Mwalimu, siku zote hizi ni huyu uliyekuwa unamtafuta?"

Nikamwambia ndiye.

"Mbona hukusema? Huyu kila asubuhi yuko nyuma ya jiko letu."

Kesho yake, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko lake, nikitazama mtambaazi uliopanda juu ya banda la kuni. Mama mwenye nyumba aliniletea chai ya iliki na muhogo wa kuchemsha, akanionyesha kwa kidole mahali hasa anapotokea. Nilikaa mpaka saa tatu. Hakutokea.