Nyumba ya Höss husikilizwa

Anayekaa kuitazama The Zone of Interest, filamu kuhusu familia ya Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akisubiri kuona maiti atamaliza dakika 105 mikono mitupu. Ataona mama akimnusisha mtoto maua, watoto wakiogelea, baba akizunguka usiku kufunga milango na kuzima taa, chumba baada ya chumba. Kisha atalalamika kwamba filamu haina matukio. Matukio yapo, tena mazito, ila yako kambini, ng'ambo ya ukuta wa bustani, na huko hufiki kwa macho.

Mtayarishaji wa sauti, Johnnie Burn, aliandaa hati ya kurasa 600 hivi: shuhuda za watu waliokuwepo, matukio ya kambini, na ramani kubwa ya Auschwitz ili ajue kila mlio ulitoka umbali gani na ungerudi na mwangwi wa namna gani. Alitumia mwaka mzima kukusanya milio ya mitambo, buti, tanuri, bunduki za enzi ile na watu wenye maumivu. Akademi ya Marekani ilimpa yeye na Tarn Willers tuzo ya Oscar ya sauti mwaka 2024, na sioni nani mwingine angestahili.

Kwa hiyo namna ya kuitazama ina uzito kuliko kawaida. Spika ndogo za simu hazitoi ule mngurumo wa chini usiokoma. Televisheni nyingi zina mpangilio wa kukuza mazungumzo. Ukiuacha umewashwa unafifisha kelele za nyuma, na hapo utakuwa umeizima filamu yenyewe na kubakiwa na stori ya familia inayolima kabichi. Vaa vipokea sauti vinavyoziba masikio, soma tafsiri chini ya picha, uache Kijerumani chao kisikike. Giza la mwanzoni, muziki wa Mica Levi ukivuma bila picha yoyote, si hitilafu ya faili. Usiruke mbele. Na kwa kibanda umiza hii haifai kabisa: mtafsiri akianza tu kupaza sauti yake juu ya picha, Auschwitz yote inanyamaza.

Upigaji picha nao una hila yake. Mwongozaji Jonathan Glazer na mpiga picha Łukasz Żal walitega kamera hadi 10 ndani na nje ya nyumba, zikirekodi kwa pamoja, mafundi wakiwa wamejiondoa, kwa mwanga wa kawaida. Christian Friedel na Sandra Hüller, wanaoigiza Höss na mkewe Hedwig, wanatoka jikoni kwenda sebuleni bila kujua ni kamera ipi itakayotumika. Hakuna uso unaosogezwa karibu ili tuingie moyoni mwa muuaji, na hapo ndipo filamu nyingi za aina hii hukosea: zinatafuta shetani au zinatafuta huruma. Hapa Rudolf Höss ni meneja. Anaandikisha waraka wa kuwakemea askari wa SS, kikosi cha Wanazi, wanaokata maua ovyo. Mafundi wa Topf und Söhne, kampuni ya tanuri ya mji wa Erfurt, wanamtandazia mchoro wa tanuri la duara: kuchoma, kupoza, kupakua, kupakia tena, bila kusimama. Ni kikao cha kazi tu. Wauaji wa Rwanda mwaka 1994 nao walisema gukora, yaani kufanya kazi, na akazi yao na kazi yetu ni neno moja.

Hedwig ananitisha kuliko mumewe. Anajaribu koti la manyoya la mwanamke aliyeuawa, anakuta rangi ya mdomo mfukoni, anaipaka. Mama yake mzazi anaondoka usiku baada ya kuona moto, anaacha barua, na Hedwig anaitia motoni. Mume anapohamishiwa Oranienburg, karibu na Berlin, mwishoni mwa 1943, yeye anang'ang'ania kubaki. Ana nyanya zake, ana bwawa la watoto.

Ajuaye jiografia ya pale atakuwa na neno: nyumba ilipakana na kambi kuu, ilhali kufikia 1943 mauaji makubwa yalifanyika Birkenau, sehemu nyingine ya Auschwitz, kilomita 3 hivi kutoka hapo. Filamu inaubana umbali huo. Nakubali, maana moshi haukujua mipaka ya kambi.

Mei 1944 Höss alirudi kusimamia maangamizi ya Wayahudi wa Hungaria. Ndani ya wiki 8 hivi walisafirishwa zaidi ya 400,000, wengi mno wakipelekwa Auschwitz. Filamu inakatika kabla hawajafika. Inatuachia simu tu: Höss, akiwa mbali, anampigia mkewe usiku wa manane kumwambia kwamba operesheni imepewa jina lake yeye, Höss. Mkewe anataka kulala.