Sikulewa jamani, ni mdomo ulikuwa mbali

Naandika hii kabla hamjaletewa ile klipu. Najua wengine mshaiona, maana mpambe wangu mwenyewe, mtu niliyemchagua kwa akili zangu timamu, kaiweka status na kaandika "bwana harusi katungi". Wadau, nilikunywa soda. Mbili. Shida yangu ni macho.

Wa siku nyingi mnajua nina makengeza tangu utotoni. Kila jicho peke yake linaona fresh ila hayaelewani, na ubongo ulishazoea kuitupa picha ya jicho moja ili nisione watu wawiliwawili, kwa hiyo kujua kitu cha karibu kiko umbali gani hasa, hapo mimi ni kubahatisha tu. Funga jicho moja saa hizi uchomeke uzi kwenye sindano, utanielewa. Chai yenyewe siimimini mpaka nisikie mdomo wa chupa umegusa kikombe, kli, ndo naachia.

Sasa mdomo wa mama mkwe unaugusaje?

Send-off, juzi, ukumbi mmoja pale Mafiati, baridi ya Julai ile ya Mbeya watu wamekalia mikono. MC kaniita nimlishe mama keki. Kijiti mkononi, kipande juu yake, krimu nyeupeee. Mama kafumba macho, kafungua mdomo. Nikapeleka mkono. Mama akauma hewa! Kumbe bado kama shibiri nzima.

Ukumbi kicheko. Nikasema ngoja nitumie ujanja wangu, nachezesha kichwa kushoto kulia kama bundi, kwa sababu kichwa kikihama cha karibu kinakimbia kuliko cha mbali, ndo nakadiria. MC akadaka: "Bwana harusi anacheza mpaka shingooo!" DJ kapandisha mziki, mashangazi wamesimama nao wanatikisa shingo, baba mkwe naye yumo, mzee wa kanisa kabisa yule, na mimi niko katikati yao napiga hesabu.

Nikajiambia haya, sasa. Nikasukuma polepoleee. Nikahisi imegusa kitu laini. Nikaongeza kidogo ili iingie vizuri.

Ilikuwa pua.

Tundu la kushoto, krimu yote, kijiti namshukuru Mungu hakikufika. DJ akazima mziki (kwa nini uzime, kaka?). Mama akafumbua jicho moja, akaniangalia, akasema taratibu, na MC asiye na haya kashamsogezea maiki: "Baba, mdomo uko huku chini."

Kisha akapiga chafya. Suti yenyewe ya kukodi.

Basi tishu, samahani mama, wali, nyumbani.

Harusi Jumamosi na keki ipo tena. Mama kashatuma ujumbe kwa mchumba wangu, yake niiweke kwenye sahani.