Taarifa ya Afya Ianzie Kwenye Kitochi

Tangazo la kipindupindu siku hizi hutoka kama picha: bango la rangi, nembo tatu juu, maandishi madogo chini, linarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mama anayeuza samaki Magomeni au Chikongola hapa Mtwara, mwenye kitochi, halioni kabisa. Hata mwenye simu janja hayumo hewani kila siku. Minada ya korosho ikishapita na fedha kukauka mjini, bando ndilo la kwanza kukatwa.

Kwa maoni yangu, taarifa ya afya iandikwe kwanza kwa ajili ya kitochi. Bango lije baadaye, kama hela ipo.

SMS moja hubeba herufi 160. Ukizidisha, hukatwa vipande vya herufi 153, na mtumaji analipia kila kipande. Kuna mtego hapa: ukinakili maneno kutoka kwenye kompyuta, alama ya juu katika "kung'atwa na mbwa" mara nyingi huja imepinda, na alama hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Hiyo moja tu, au kiemoji kimoja, hushusha nafasi kutoka 160 hadi 70. Bili inapaa, na baadhi ya vitochi vinaonyesha viboksi vitupu.

Halafu maudhui. "Mpe mtoto ORS" (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) haitoshi. Pakiti ya kawaida ni ya lita 1 ya maji, lakini chupa tupu zilizozagaa mjini nyingi ni za lita 1.5 au nusu lita. Akijaza ile kubwa, dawa inakuwa hafifu. Akitumia ndogo, chumvi inazidi na ni hatari kwa mtoto. Ningeandika hivi:

"Mtoto anaharisha? Pakiti 1 ya ORS kwa maji safi lita 1 (chupa ya lita 1.5: theluthi 2). Mnyweshe kidogo kidogo. Saa 24 zikipita, mwaga. Akilegea, kituoni!"

Herufi 154, nafasi zikiwemo. Zinki, dawa nyingine ya kuharisha ambayo mtoto hupewa siku 10 hadi 14, isubiri SMS ya pili.

Tusisahau pia kwamba kitochi mara nyingi ni cha nyumba nzima. Ujumbe wa kuharisha hauna siri. Wa uzazi wa mpango au wa dawa za VVU unayo. Huo usirushwe ovyo. Mhusika apige mwenyewe 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Na mfano mzuri tunao tayari. M-mama, huduma ya usafiri wa dharura iliyozinduliwa kitaifa 2022, haidai programu wala bando. Unapiga 115 bure, mpokeaji anauliza dalili kwa kufuata mwongozo, kisha anaita gari la wagonjwa. Likikosekana, anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Ni kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na vichanga hadi siku 28.

Tatizo ni kuikumbuka namba saa nane usiku, uchungu umeshika na aliyeshika simu ni mume au bibi. Muuguzi aihifadhi kwenye simu hiyo siku ya kliniki, kwa jina "A Mama", ili ikae juu kabisa ya orodha, kisha aiandike kwa kalamu nene kwenye jalada la kadi.