Mama, Hatuuzi Paka

Jumapili iliyopita nilimpeleka bi mkubwa kula kwa Wahindi. Si zile bajia za kula umesimama huku unamkwepa bodaboda, hapana. Mgahawa wenyewe hasa, wa vitambaa mezani na kiyoyozi cha kukutoa kamasi. Alikuwa ameshuka kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho, nikaona si vizuri mtu wa miaka sabini na moja arudi kwake amekula wali maharage wangu tu.

Jina la mgahawa silitaji. Upo mjini Dar, una walinzi wawili mlangoni na picha ya Taj Mahal iliyomeza ukuta mzima. (Taj Mahal ni kaburi, jamani. Shah Jahan alimjengea mkewe. Nani aliamua kwamba watu watakula vizuri wakitazama kaburi, hata sielewi.)

Mhudumu akaja. Kijana wetu kabisa, mweusi kama mimi, shati jeupe limepigwa pasi. Akamkabidhi bi mkubwa menyu nene kama msahafu, na kabla hajaifungua akamwinamia: "Mama, vyakula vyetu vina viungo vingi, ni vikali kidogo. Nikuletee chipsi kuku?"

Mtu wa Tanga! Anaambiwa viungo vitamzidi!

Bi mkubwa wala hakukasirika. Alivaa miwani, akaisogeza menyu pembeni bila kuisoma, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kuku paka mnaye?"

Kijana akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akatoa lile tabasamu tunalowapa wagonjwa. "Mama, hatuuzi paka."

Meza ya jirani wakaangua kicheko. Ilikuwa familia ya Kihindi, bibi na wanawe na wajukuu, na mgahawa mzima ni wao peke yao walioelewa kilichoagizwa.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na bado limenikwama kooni. Kuku paka si chakula cha kubahatisha. Kuku anachomwa kwanza mkaani mpaka ngozi ianze kuungua, ndipo anaingia kwenye tui zito la nazi lenye manjano, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili, anakamuliwa ndimu, anamwagiwa giligilani. Wengine wanatia na mayai ya kuchemsha. Bi mkubwa anasema jina limetokana na kule kumpaka kuku viungo kabla ya kumchoma, nami sibishani na mtu aliyenizaa. Chakula hicho hukipati Delhi. Kimezaliwa huku, kwenye pwani yetu, ndani ya majiko ya Wahindi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar, Wahindi waliokuta nazi na wakaona ujinga kuiacha. Ni chakula cha Kihindi chenye jina la Kiswahili. Halafu unaingia mgahawa wa Kihindi, Dar es Salaam, unakiuliza, unaonekana umechanganyikiwa!

Menyu yenyewe nikaisoma baadaye, ukurasa kwa ukurasa. Kuku wa siagi. Mikate ya naan ya namna saba. Tanduri hii, tanduri ile. Hicho ni chakula cha Punjab na Delhi, kaskazini huko, ndicho kinachouzwa migahawa mingi ya Kihindi kuanzia London hadi Dubai. Lakini Wahindi wetu wa Upanga na Kisutu wengi wao asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Nyumbani kwao wanapika kichri, ule wali wa kuchanganya na choroko, wanapika dengu, wanakula na achari ya embe na mtindi. Kwa hiyo hata wao, ile familia ya jirani, walikuwa wamekuja kula ugenini kama mimi! Mgahawa umeagiza India nzima kutoka kwenye picha, ukaiacha ile inayoishi mtaa wa pili.

Sasa atatokea mtu kunipa darasa la reli, kwamba Wahindi waliletwa huku kuijenga. Naijua. Wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini kutoka India, 1896 hadi 1901, Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Lakini reli ilimkuta Mhindi keshafika. Tangu enzi za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji, Mkutch. Ndiyo maana tunasema laki, tunasema bima, tunasema hundi, tunapanda gari, na hakuna anayejiuliza. Kachumbari yenyewe unayomwagia pilau ya harusi, unadhani ilitoka Handeni?

Na chakula hicho kiliwezaje kutoka kwenye nyumba zao kikaingia kwetu? Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Hakuna Mhindi aliyepita mtaani na sinia akigawa chapati. Chapati ilitolewa na mikono ya watu kama bibi yangu, mama yake bi mkubwa, aliyepika kwenye nyumba ya Mhindi Tanga mjini miaka kumi na minne. Aliingilia mlango wa nyuma. Kikombe chake cha chai kilikuwa cha bati, kimetundikwa msumari peke yake, hakikuchanganywa na vya wenyewe. Sisemi palikuwa na mapenzi. Lakini jioni alirudi nyumbani na kile alichokiona kwa macho, akakipika kwa samli kidogo aliyoiweza na nazi aliyoikuna mwenyewe, akamfundisha binti yake. Binti yake akakaa standi miaka thelathini anauza chapati, na hizo chapati ndizo zilizonilipia ada. Mtu huyo ndiye anayeambiwa leo vyakula hivi ni vikali kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyesema ni mtoto wetu. Angekuwa mwenye mgahawa ningejua pa kumweka. Huyu amefundishwa, au amejifundisha, kwamba mwanamke mwenye kanga mbili akiingia pale amepotea njia. Na haikuishia hapo: akaleta uma na kisu kwetu, wakati meza ya jirani wote wanakula kwa mkono na hakuna aliyewaletea hata kijiko. Bi mkubwa akavifunika kwa leso kama mtu anayefunika maiti, akaomba maji ya kunawa.

Haya, haki yao niwape. Naan ilikuwa tamu. Imetoka kwenye tanuri na madoa meusi, inapumua mvuke, na nyumbani huwezi kuitengeneza hata ukiapa. Choo kilikuwa safi. Muziki basi tena.

Kisha ikaja "paratha", maana ndivyo menyu ilivyoiita. Bi mkubwa akaikata kipande, akakiinua kwenye mwanga, akakichana taratibu tabaka moja moja. Hiyo ni chapati. Ile chapati yetu ya kusukuma, ya kuzungusha kama konokono na kuisukuma tena, Mhindi anaiita paratha. Chapati kwake ni ile kavu isiyo na mafuta. Akamwita kijana. "Nani kaisukuma hii?"

Kijana akadhani ni malalamiko, akakimbilia jikoni. Akarudi na mpishi, na mimi nikajiandaa kumwona mtu kutoka Mumbai. Akatokea jamaa mnene mwenye unga kwenye nyusi, akapiga goti nusu: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Muheza, mama."

Nikajua chakula changu kitapoa. Wakazungumza dakika kumi kamili. Maji yawe ya moto au vuguvugu. Samli iingie lini. Kwa nini donge lipumzishwe chini ya kitambaa kibichi. Kijana wa shati jeupe amesimama pembeni na trei yake, anasikiliza. Bibi wa Kihindi wa jirani naye akaingilia, kwa Kiswahili safi kuliko changu, akasema siku hizi wapishi wote wana haraka, donge halipumziki. Bi mkubwa akamuunga mkono. Mpishi akakiri.

Kuku paka akasema anamjua vizuri, huwa anawapikia wafanyakazi wenzake siku za mapumziko. Kwenye menyu bosi hataki, eti wageni hawatamwelewa.

Mwishoni ikaja bili, na kibakuli cha shamari zilizochanganywa na sukari. Bi mkubwa akatafuna shamari, akaichukua risiti kabla sijawahi kuificha, akaisogeza mbali na macho yake mabovu mpaka akaipata.

"Chapati moja elfu tatu na mia tano?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja risiti mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga.

"Kumbe pale standi nilikuwa natoa sadaka."