Gemu la kurusha ndege: ugumu wa kuvumilia na ugumu wa kukataa

Mpwa wangu wa miaka 14 alisimama nyuma ya kiti changu kama nusu saa, akinitazama nikirusha Cessna, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kompyuta kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kisha akauliza swali ambalo watu wazima nao wamewahi kuniuliza: "Mjomba, sasa hapa mtu anashindaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Katika safari ya kawaida ya Microsoft Flight Simulator hakuna adui wala pointi. Kuna bahari, kuna mawingu, kuna vipimo vinavyotaka kutazamwa, na baada ya dakika 20 na kitu njia ya kurukia ya uwanja wa Abeid Amani Karume inaanza kuonekana mbele. Ukitua salama, umetua.

Wanaoyabeza magemu haya wana hoja. Wanasema ni kazi iliyovishwa nguo za mchezo: mtu anatoka kibaruani amechoka, anafungua kompyuta, na jambo la kwanza analofanya ni kusoma orodha ya ukaguzi ili awashe injini. Anaruka saa nzima akiwa amekaa tu, hakuna kinachotokea, na kikitokea ni ajali. Lakini wenye hoja nzito zaidi ni wale wanaosema uhalisia wenyewe ni wa nusu. Jostiki ya mezani ina springi inayoirudisha katikati. Usukani wa ndege ya kweli unasukumwa na hewa inayopita kwenye mabawa na mkia, ndiyo maana rubani anahisi mkononi ndege inataka nini. Katika Cessna halisi unazungusha gurudumu dogo la trimu mpaka ule mzigo mkononi uishe. Kwenye jostiki mzigo ni wa springi, haujui habari za hewa, kwa hiyo kazi ambayo rubani huifanya kwa kuhisi, mchezaji huifanya kwa kubahatisha huku macho yakiwa kwenye kipimo.

Na macho hayo nayo ni tatizo. Wakufunzi wa urubani wamelalamika mara nyingi kwamba mwanafunzi aliyekulia kwenye gemu anakodolea vipimo badala ya kutazama nje, kwa sababu nyumbani "nje" yake ilikuwa kioo cha inchi chache. Zaidi ya hayo, saa za sebuleni hazihesabiwi. Huko Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, hukubali kiasi fulani cha saa za mafunzo kwenye mashine za kuigiza, lakini ni mashine zilizoidhinishwa, na mkufunzi awepo. Haya yote nayakubali. Anayedhani amekuwa rubani kwa sababu ya gemu anajidanganya.

Ila kuna jambo wabezaji hawalioni, na ili nilieleze inabidi nikae kidogo kwenye uwanja wa Arusha.

Uwanja ule uko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Mara ya kwanza kuruka kutoka pale niliweka saa ya gemu mchana, joto nyuzi 28, na nikafanya kila nilichozoea kufanya Dar: kishikio cha nguvu mbele, kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele mpaka mwisho, nikaachia breki. Ndege ilikokota. Injini ilisikika nzito, kama mtu anayepumua kwa kitambaa mdomoni. Nilinyanyuka mwisho kabisa wa njia, nikapanda kidogo, nikavuta usukani kwa hofu, mwendo ukaisha, bawa likaacha kubeba, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Nilikasirika nikasema gemu ni bovu. Mlima Meru ulikuwa umesimama upande wa kaskazini, mzuri, na hakuna maandishi yoyote yaliyotokea kuniambia nimekosea nini.

Jibu lilikuwa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa urubani huifanya. Anga la kawaida, kwa vipimo vya kimataifa, lina nyuzi 15 usawa wa bahari, na joto hupungua takriban nyuzi 2 kila unapopanda futi 1,000. Kwa urefu wa Arusha, joto la kawaida lingekuwa nyuzi 6 hivi. Mimi nilikuwa na 28, yaani nyuzi 22 za ziada. Marubani huongeza futi 120 kwa kila nyuzi iliyozidi: 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha na 4,550 unapata karibu 7,200. Magurudumu yalikuwa kwenye futi 4,550, lakini mabawa na injini vilikuwa vinaishi kwenye hewa ya futi 7,200.

Namba hiyo sijaacha kuiwaza. Injini ya Cessna 172 ninayoirusha ina nguvu za farasi 180, na injini ya namna hiyo, isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada), hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo kabla sijaachia breki nilikuwa nimeshapoteza zaidi ya moja ya tano. Kisha, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaongeza hasara: kile kishikio chekundu kikiwa mbele mpaka mwisho, injini inapewa mafuta ya Dar na hewa ya Arusha. Mafuta yanazidi hewa, uunguaji unadhoofika, nguvu iliyobaki inapungua tena. Dawa yake ni kukivuta nyuma taratibu, injini ikiwa kwenye nguvu kamili, mpaka mzunguko wa injini ufike kileleni, halafu kukirudisha mbele kidogo. Nilifanya hivyo, ndege ikaondoka. Haikuondoka kwa mbio, lakini ilipanda. Uwanja wa Wilson wa Nairobi, ulio juu zaidi, futi 5,500 na ushei, ulinipa somo hilohilo. Hata zile ndege za Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, ambazo injini zake hazina kishikio hicho chekundu, zinapumua hewa ileile nyembamba.

Hapo ndipo swali la mpwa wangu linapopata jibu. Hakuna aliyetunga ugumu ule ili anisumbue. Katika gemu la kawaida mtengenezaji anaamua adui awe na nguvu kiasi gani, na akiona wachezaji wanalalamika anampunguza. Hewa ya Arusha haina wa kuipunguza. Ukishindwa, umeshindwa na kitu ambacho kipo kweli, na siku ukikielewa umekielewa hata nje ya kompyuta. Leo nikipanda ndege ndogo mchana wa jua kali najua kwa nini rubani anahesabu mizigo yetu kwa makini, na kwa nini mara nyingine anaacha begi. Mimi sijawahi kupata hilo kwenye gemu la mpira.

Wala uigizaji huu haukuanza kama burudani. Edwin Link, aliyekulia kwenye kiwanda cha vinanda cha babake huko Binghamton, New York, alitengeneza mashine yake ya kufundishia urubani mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto na pampu za vinanda. Ilidharauliwa ikaonekana chombo cha maonyesho, mpaka 1934, marubani wa jeshi la Marekani walipopewa kazi ya kubeba barua wakafa wengi katika hali mbaya ya hewa. Jeshi likanunua mashine za Link. Rubani alifungiwa ndani ya kisanduku asione nje, ajifunze kuamini vipimo.

Kuna pia upande wa watu. Tangu 2001 mtandao wa VATSIM umewaunganisha wachezaji na waongoza ndege wa kujitolea, watu halisi wanaokaa kwenye minara ya kuigiza na kukupa ruhusa ya kuruka kwa lugha ileile ya redio ya marubani. Mara nyingi nimekuta minara ya kwetu haina mtu. Ila jioni moja ukimpata mwongozaji mwenye subira, jinsi unavyojifunza kusema kwa ufupi, kusikiliza na kurudia ulichoambiwa, hakuna darasa la Kiingereza lililonipa.

Sasa nije kwenye upande ambao sitautetea. Tatizo la mashabiki wenzangu ni kwamba tumezoea kujivunia ugumu hata tukashindwa kutofautisha. Kuanguka Arusha ni ugumu wa anga. Kushindwa kufungua gemu kwa sababu seva, yaani kompyuta za kampuni zinazolihudumia, zimezidiwa hauna uhusiano wowote na anga, lakini tunauvumilia kwa moyo uleule, kana kwamba nao ni sehemu ya mafunzo.

Toleo la 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, lilitaka upakue zaidi ya gigabaiti 90. Chukua 100 kwa urahisi wa hesabu. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyotetereka hata mara moja, hizo ni saa 22. Anayetumia bando la simu ajue amemaliza bando la miezi. Umeme ukikatika katikati, unaomba Mungu upakuaji uendelee ulipoishia. Na walionunua kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, walikuta jambo lingine: faili la kwanza lilikuwa dogo, mzigo wenyewe ulipakuliwa gemu likiwa limeshafunguliwa, kwa hiyo saa za kupakua zilihesabiwa kama saa za kucheza. Kanuni ya kurudishiwa fedha ni uwe hujacheza zaidi ya saa 2. Saa 22 dhidi ya saa 2. Mtu mwenye intaneti ya kasi anaweza kujaribu na kurudisha. Mwenye intaneti ya kawaida ya kwetu anapitwa na haki hiyo kabla hajaiona njia ya kurukia hata moja.

Toleo lililotoka tarehe 19 Novemba 2024 lilidai kutatua hilo: pakua kidogo, mengine yatakuja yenyewe kwa intaneti unaporuka. Siku ya kwanza watu walikwama kwenye foleni, wengine wakaganda asilimia 97 ya kufungua. Wakuu wa mradi, Jorg Neumann na Sebastian Wloch, walijitokeza kueleza kwamba walikuwa wamejaribu mfumo kwa watumiaji 200,000 wa kuigizwa, na waliokuja kweli wakaulemea. Walikuwa wakweli, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini toleo hilo linataka megabiti 10 kwa sekunde kama kiwango cha chini kabisa, na 50 ndiyo wanayoipendekeza, kila unaporuka. Ile gharama ya siku moja sasa imekuwa gharama ya kila safari.

Makosa ya ramani siyahesabu humu. Mwaka 2020 wachezaji walikuta mnara mwembamba wa ghorofa 212 umechomoza kwenye mtaa wa nyumba za kawaida huko Melbourne, kwa sababu mchangiaji wa ramani huria ya OpenStreetMap alikosea kuandika 2 akaandika 212. Ukiichora dunia nzima, kitu kama hicho kitatokea, na watu walifurahi kwenda kukizunguka. Bei za ndege za ziada nazo sizilalamikii sana: Boeing 737-800 ya kampuni ya PMDG iliuzwa ghali, lakini Airbus A320 ya kundi la FlyByWire ni ya bure na ni kazi nzuri. Na mwenye kompyuta ya zamani ana FlightGear, gemu jingine la kurusha ndege, ya bure tangu miaka ya 1990, haina sura ya kuvutia kama hizi lakini mchanganyiko wa mafuta unao.

Kinachoniuma ni umiliki. Kwa miaka mingi matoleo ya zamani yalimwanzisha mchezaji kwenye uwanja mdogo wa Meigs Field, kando ya ziwa huko Chicago. Usiku mmoja wa Machi 2003 meya Richard M. Daley alipeleka matingatinga yakaikwangua njia ya kurukia, na uwanja ukafa. Kwenye diski za zamani bado upo, unaweza kutua pale leo. Januari 2009 Microsoft ilifunga studio iliyotengeneza toleo la 2006, FSX, na watu waliendelea kulirusha kwa zaidi ya miaka 10, wakilirekebisha wenyewe na kuliongezea viwanja, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye diski zao.

Arusha yangu ya sasa haiko kwangu. Meru, njia ya kurukia na picha za mashamba yanayozunguka uwanja huja kila jioni kutoka kwenye seva, na siku mwenye seva akiamua kufanya kama alivyofanya 2009, sitabaki na diski ya kuendelea nayo. Mpwa wangu nimemwekea FlightGear kwenye kompyuta yake, na mandhari ya Tanzania nimeyapakua yote yakae humo humo.