Je, "jumbo" ni neno letu?

Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwa fahari kwamba neno la Kiingereza jumbo, kitu kikubwa kupita kiasi, limetoka kwetu. Wengine hulitoa kwenye jambo, wengine kwenye jumbe, yaani mkuu wa mji au kijiji katika pwani ya Mrima. Nakipenda Kiswahili, na ningefurahi iwe kweli.

Aliyelieneza neno hili duniani ni tembo. Alinaswa angali mtoto katika nchi za mpakani mwa Sudan na Ethiopia, akapitishwa Paris, akafika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865. Waingereza walimjua kwa jina la Jumbo, wakampenda mno. Mwaka 1882 P. T. Barnum alimnunua kwa pauni 2,000 akampeleka Marekani kwenye sarakasi yake. Miaka mitatu baadaye aligongwa na treni huko St. Thomas, Kanada, akafa. Jina halikufa naye. Hata ndege ya Boeing 747 imelirithi.

Wanaotetea Kiswahili hawabahatishi tu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani yetu kwenda bara mwaka 1857, na vitabu vyao vilisomwa sana London miaka ile ile tembo huyo alipofika. Tena mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu kuitwa jumbe, yaani mkuu, kunaingia akilini.

Kinachowakwamisha ni tarehe. Mwaka 1823, miaka 42 kabla ya tembo kukanyaga London, John Badcock alikwisha liingiza jumbo katika kamusi yake ya maneno ya mitaani, kwa maana ya mtu mzito asiye na wepesi. Ndiyo maana wataalamu wengi hutazama Gambia, ambako Francis Moore aliandika mwaka 1738 habari za Mumbo Jumbo, kinyago cha Wamandinka cha kutishia watu. Wapo pia wanaotaja nzamba, tembo kwa Kimbundu cha Angola. Hilo lina maana inayofaa kuliko yote, ila Badcock alikuwa akisema habari za mtu, hakumtaja tembo.

Kwa hiyo neno lenyewe siwezi kulidai. Jina la yule tembo ni kesi nyingine: mtu aliyelizoea jumbo la mitaani, akasoma na habari za majumbe wa Mrima, angeweza kumpa mnyama jina hilo moja kwa sababu zote mbili.